Mlango wa Mkaguzi

Machi 2

Mvua zimeanza, na mimi nimeanza daftari. Si jipya. Ni lile la vipimo vya wateja, nimeligeuza naandika kutoka nyuma, maana mbele kumejaa viuno na mabega ya watu na huku nyuma kurasa zilikuwa zinakaa bure. Mume wangu aliondoka jana na lori, na safari hii hatarudi mpaka mvua ziishe. Nimebaki na sare arobaini za wanafunzi za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, paa linalovuja juu ya jiko, dada yake, na kuku wa dada yake.

Wifi ana miezi minne hapa. Alikuwa muuguzi wa wodi miaka thelathini na mitatu, akastaafu, akakaa peke yake kidogo, halafu mume wangu akamwambia njoo kwetu. Akaja na sanduku moja na kikapu kimoja. Sanduku lilikuwa na nguo, na kikapu kilikuwa na kuku. Si mtu wa maneno mengi. Husema jambo mara moja, halafu anakutazama, nawe unabaki na jambo lako.

Kuku anaitwa Mkaguzi. Jina nimempa mimi, kwa sababu anatembea kama amefunga mikono nyuma, shingo mbele, anaingia chumba cha kushonea bila hodi na kukagua kila kipande kilichoanguka chini. Wiki iliyopita alikagua shati jeupe la mteja na kuliachia muhuri kwenye kola. Wifi hakusema pole. Alilifua tu, likatakata kuliko lilivyokuwa.

Machi 5

Komeo la banda la Mkaguzi limekatika, kutu imelila.

"Wifi, tumwite fundi wa mbao," akaniambia.

"Fundi si unaye humu ndani?"

Nikachukua lastiki ya kiuno, ile pana, nikaikunja mara mbili, nikaishonea kitanzi na kukinasa kwenye msumari. Wifi aliivuta, ikanyooka, ikarudi.

"Hii ni ya sketi," alisema.

"Inashika kiuno cha mtu mzima kutwa nzima. Itashindwa na kuku?"

Akacheka! Kidogo, kwa pua, lakini amecheka. Nimeshinda siku nzima nimejawa na furaha ya kijinga.

Machi 6

Mvua. Kola kumi na mbili.

Machi 8

Bahasha amepenya tena kwenye tundu la ua. Huyu ni mbwa wa jirani yetu, Mzee Posta, ambaye alisambaza barua maisha yake yote huku akifukuzwa na mbwa wa watu, na alipostaafu akafuga mmoja, anasema ili aujue upande wa pili wa habari. Bahasha ni mkubwa na ni mwoga. Mkaguzi alimdonoa pua mara moja, akarudi kwao analia.

Machi 11

Mvua. Wifi ameuliza tena habari ya fundi wa mbao. Nimemwambia kesho.

Machi 13

Mvua. Mifuko ya suruali. Sijamwita.

Machi 14

Leo nitaandika yote, nisipoandika litanikaa kifuani.

Alfajiri mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa nawasha jiko nikasikia kelele bandani, si ile kelele ya kila siku ya kudai chakula. Nikatoka na mwiko mkononi. Mlango wa banda ulikuwa nusu wazi. Lastiki ilikuwa imelowa wiki nzima, imelegea, imening'inia kwenye msumari kama soksi kuukuu. Kitu chembamba cha kahawia, chenye mkia mrefu, kilikuwa kimemshika Mkaguzi mgongoni pale kwenye pipa la maji. Nguchiro. Nilimwona waziwazi kama ninavyoiona kalamu hii. Kabla sijapiga hatua, Bahasha akapita mbele yangu kama jiwe lililorushwa, mwoga yule yule, akabweka mpaka nguchiro akamwachia kuku na kuchomoka chini ya ua. Halafu mbwa akarudi, akasimama juu ya kuku, akawa anamnusa. Unyoya ukamganda puani.

Hapa sasa. Kabla sijainama kumtazama kuku, nilienda mlangoni, nikaing'oa ile lastiki kwenye msumari na kuitia mfuko wa aproni. Sikukaa nikafikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kuokota pini.

Wifi akatoka miguu mitupu. Akamwona Mkaguzi chini, akamwona mbwa na unyoya puani. Sijawahi kumsikia akipiga kelele. Alimrushia mbwa ndala zangu zote mbili.

"Ameng'oa mlango!" alisema. "Wifi, limbwa limeng'oa mlango!"

"Ndiyo," nikasema. "Limeng'oa."

Maneno mawili tu, mdomo haukuniuma.

Tulimleta kuku ndani. Mkia wote umekwenda, hana hata unyoya mmoja wa kujisitiria. Mgongoni amechanika inchi mbili na nusu, na chini ya bawa ana matundu mawili ya meno. Lakini kilichonitisha si damu. Alikuwa ametulia. Unamshika bawa hakatai, unamgeuza anageuka, macho nusu yamefumba, mdomo wazi, anahema. Miguu ilikuwa ya baridi, na kile kilemba chake chekundu kichwani kimepauka kama kitambaa kilichokaa juani mwaka mzima. Nilimwambia wifi anionyeshe la kufanya. Nikageuka, nikaona mikono yake inatetemeka hata hawezi kufungua chupa.

"Nimewauguza watu," alisema, "huyu siwezi kumshika. Shika wewe. Mimi nitasema."

Basi akasema na mimi nikafanya. Maji ya uvuguvugu na chumvi, pole pole, kitambaa safi, usisugue. Nikamwambia, nikinyoosha uzi, kwamba huo mchaniko naweza kuushona usionekane.

"Kidonda cha meno hakishonwi, wifi. Ukishona unafungia uchafu ndani."

Tukamweka kwenye boksi la vitambaa, juu ya mabaki laini, tukafunika nusu. Boksi liko chini ya meza ya cherehani, ndipo pakavu na pana joto. Lastiki bado iko mfukoni.

Machi 15

Daktari wa mifugo hawezi kufika, maji yamekata barabara. Amesema kwa simu: joto, giza, kimya. Asishikwe-shikwe. Maji yenye sukari na chembe ya chumvi, tone moja moja kwenye ncha ya mdomo, ameze mwenyewe, tusimmiminie yasije yakaingia kwenye pumzi. Wifi alirudia kila neno kwa sauti kama anapokea zamu. Mimi ndiye nimetonesha. Kati ya matone kumi amemeza mawili.

Machi 16

Daktari amefika na pikipiki, amelowa mpaka ndani ya kofia. Ni binti mdogo, anazungumza na kuku kwanza ndipo watu.

"Mama zangu, vidonda vyenyewe vitapona," alisema. "Kuku ni wagumu. Kinachoweza kumuua ni mshtuko. Mwili umejifunga, unadhani bado yuko kwenye meno ya yule mnyama. Kazi yenu ni kumjulisha kwamba ametoka. Na hamwezi kumharakisha."

Wifi alikwenda kuleta maji ya kunawa. Daktari akaweka kidole kati ya yale matundu mawili chini ya bawa.

"Mnyama gani huyu?"

"Wifi anasema mbwa wa jirani."

"Mbwa mwenye kinywa kidogo hivi?"

Nikainama kutafuta kipande cha chaki ambacho hakikuwa kimeanguka. Wifi akarudi na beseni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Machi 17

Mzee Posta amekuja kuomba radhi, kofia mkononi, mvua inamtiririka kichwani na hataki kuingia. Anasema tangu ampate huyo mbwa hajawahi kumwona akigusa kitu, lakini wifi amesema ameona kwa macho yake, na yeye hawezi kubishana na mtu aliyeona. Amemfunga mnyororo. Wifi alimsikiliza, akamtazama, akafunga mlango. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Machi 18

Hajala. Mvua. Bahasha analia kwenye mnyororo tangu asubuhi.

Machi 19

Leo nusura tumpoteze. Nilifunua boksi nikasikia harufu. Pale mgongoni, chini ya manyoya yaliyobaki, kuna vitu vyeupe vidogo, kama chembe za mchele. Inzi wametaga. Mengine yamekwisha kuanguliwa na funza wanatembea ndani ya kidonda.

Nimezaa watoto watatu, sasa wote wako kwao, na nimemwosha mama yangu mzazi alipokufa, lakini hapo nilitoka nje nikashika ukuta. Nikamsikia wifi nyuma yangu anasema, "Lete taa. Lete maji ya chumvi, mengi. Kisha ukae, nishikie kichwa chake, umfunike macho."

Niliporudi alikuwa amevaa miwani na kibano mkononi. Na ule mkono ulikuwa umetulia kabisa. Saa nzima na nusu, mmoja mmoja, akiwahesabu kwa sauti ya chini, bila haraka. Mimi nilikuwa nimemfunika Mkaguzi macho kwa kiganja, nasikia moyo wake unapiga haraka kuliko cherehani ninapovuta mshono mrefu. Mara wifi akaanza kuzungumza, bila kuniangalia.

"Huyu alitoka kwenye mayai tisa. Manane yaliharibika. Ilikuwa wiki ya kwanza ya kustaafu kwangu. Nikamweka jikoni karibu na moto. Wifi, unajua nilikuwa naamka saa kumi na moja kama naenda zamu, navaa, halafu sina pa kwenda? Nikawa nakaa naye. Namwambia leo wodi imejaa. Namwambia leo tumeruhusu watano. Alikuwa ananisikiliza."

Miezi minne nimekuwa nikimwita Mama Barafu, kwa siri, mimi na mume wangu kwenye simu, tunacheka. Leo nimeona aibu ya hilo jina.

"Arobaini na saba," alisema mwishoni, akavua miwani. "Amekwisha."

Nikadhani amekufa. Kumbe alimaanisha funza wa mwisho. Nikacheka na kulia pamoja, naye akanipa kitambaa changu mwenyewe cha mfukoni.

Nilitaka kumwambia pale pale. Neno lilifika ulimini. Lakini alikuwa amechoka na mimi nilikuwa mwoga, na nikajidanganya kwamba namhurumia.

Machi 21

Jambo la ajabu. Nilikuwa sijashona siku saba kwa sababu ya ule ukimya tulioagizwa, na wateja wamekuja juu. Leo nikajikaza, nikakanyaga pedali pole pole, taratibu kabisa. Mkaguzi alishtuka, akakauka. Nikaacha. Baada ya muda nikajaribu tena, mshono mmoja mfupi, nikaacha. Mara ya tano aliinua shingo. Mara ya kumi akafumba macho, si yale macho ya mgonjwa, macho ya mtu anayesinzia kwa raha. Wifi akaja mlangoni, akasimama.

"Endelea," alinong'ona. "Usiache."

Nimeshona sketi sita bila kuinua kichwa.

Machi 23

Amekula punje saba za mchele. Tumehesabu sote wawili, na wifi anasema ni nane.

Machi 24

Uji, yai la kuchemsha lililopondwa. Wifi anasema si vibaya, lina nguvu. Mimi nimemwomba Mkaguzi radhi kwa niaba ya nyumba.

Machi 27

Alisimama! Alitembea hatua nne hadi kwenye mguu wa meza. Halafu nikainua sare kuitundika, kivuli kikampitia, akaanguka kama aliyepigwa, akabaki amelala ubavu, macho yametoka. Tumerudi kule tulikoanza. Wifi hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Nimeshusha nguo zote zilizotundikwa. Sasa sare zimekunjwa juu ya kitanda changu, mimi nalala pembeni yake kama mgeni.

Machi 30

Mvua. Hatua mbili.

Aprili 1

Manyoya yanamtoka hata yale mazima. Daktari anasema kwa simu ni mshtuko huo huo, mwili unatupa cha zamani, yataota mengine. Kwa sasa Mkaguzi anafanana na kazi iliyofumuliwa.

Nimegundua kitu. Bahasha akibweka huko kwao, Mkaguzi hajifichi. Kivuli cha nguo kinamwangusha, mfuniko wa sufuria unamkausha, lakini mbwa akibweka anainua kichwa na kusikiliza. Wifi aliona pia.

"Anamjua adui yake," alisema.

Hapana. Anamjua aliyemwokoa. Katika nyumba hii tuko wawili tunaolijua jambo hili, na mmoja ni kuku.

Aprili 3

Mume wangu amepiga simu kutoka kwenye matope mahali fulani. Akauliza, "Mama Barafu hajambo?" Nikamwambia jina hilo limekufa. Akasema kumbe mvua huko kwenu ni kali.

Aprili 5

Mzee Posta alisimama uani leo nikianua nguo.

"Jirani, Jumamosi nampeleka Bahasha kwenye kiwanda cha matofali. Wanataka mbwa wa lindo."

"Kwa nini sasa?"

"Wiki ya tatu hii yuko mnyororoni. Shingo imechubuka. Na mimi kila nikipita hapa nainamisha kichwa. Wifi yako ni mtu mwema, aliwahi kunifunga dawa mguu huu bila kuniuliza kitu. Sitaki uadui naye kwa ajili ya mbwa." Akajaribu kucheka. "Nyumba itakuwa kimya tu. Nitazoea."

Nikamwambia pole. Ndilo neno nililokuwa nalo, pole. Nikaingia ndani na nguo mbichi mkononi.

Aprili 6

Mvua. Sijashona kitu kilichonyooka. Nimefumua mara tatu.

Aprili 7

Nimesema.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula, mvua inapiga bati hata ikabidi tupaze sauti. Wifi alikuwa kwenye kigoda anamlisha Mkaguzi mkononi. Nilitoa lastiki kwenye aproni, siku zote hizo ilikuwa humo, nikaiweka juu ya meza. Nikamwambia ilikuwa nguchiro. Nikamwambia lastiki ilikuwa imelegea, na uliniambia mara mbili nimwite fundi wa mbao sikumwita. Nikamwambia Bahasha ndiye aliyemfukuza. Nikamwambia niliificha hii kabla hata sijamgusa kuku wako. Nikamwambia hata daktari aliuliza ni mnyama gani, nikanyamazia ukweli. Sikutia maneno mengine ya kujitetea, ingawa nilikuwa nimeyaandaa mengi na mazuri.

Wifi aliichukua ile lastiki, akaivuta. Ilinyooka, haikurudi.

"Siku ishirini na nne," alisema.

"Najua."

"Nimemchukia mnyama asiye na kosa siku ishirini na nne. Nimemfungia mlango mzee wa watu anayelowa." Alisema bila kupaza sauti, na kwa sababu ya mvua ilibidi niinamie karibu ili nisikie, jambo lililonitesa zaidi. "Wodini, mtu akikosea dawa anasema saa ile ile. Si kesho. Hata kama atafukuzwa. Kwa sababu kosa likijulikana ndipo unajua unatibu nini. Daktari alituuliza ni mnyama gani, wifi. Alituuliza."

"Aliniuliza mimi."

"Basi."

Nikalia. Hakunipa kitambaa. Alimrudisha Mkaguzi ndani ya boksi, akavaa koti la mvua, akaniletea na langu.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa Mzee Posta. Utasema wewe. Mimi nitasimama."

Nikasema, mlangoni kwake, maji yakiniingia shingoni. Nikayasema yote upya, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, usidanganywe na mtu. Wifi naye akasema, "Na mimi nilisema nimeona, kumbe sikuona. Nisamehe, mzee." Mzee Posta akageuka, akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia mnyororo ukianguka chini.

Aliporudi Bahasha alikuwa anazunguka miguu yake kama kichaa.

"Hata mimi kuna barua zangu zilichelewa," aliniambia. "Nyingine wiki nzima, nikiogopa mbwa wa mwenye nyumba. Lakini nilizifikisha. Karibuni ndani, mnalowa bure."

Wifi alikunywa chai yake yote. Njiani kurudi hakunisemesha.

Aprili 8

Fundi wa mbao amekuja. Komeo la chuma, skrubu nne. Amemaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Ndiyo kazi niliyoahirisha.

Wifi alilisukuma, akalivuta. "Kuanzia leo utafunga wewe," alisema. "Kila jioni. Banda likiwa na kuku au halina."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa mpaka apone. Halafu nitaona."

Sanduku lake liko pale pale chini ya kitanda. Kwa nini sikuwahi kuona kwamba nguo zake hajazipanga kabatini, miezi yote hii?

Aprili 9

Nimefunga banda tupu, jioni. Wifi akaja nyuma yangu, akalivuta komeo mara moja, akaingia ndani.

Aprili 10

Nimefunga. Amevuta.

Aprili 11

Nimefunga. Amevuta. Sare thelathini na mbili.

Aprili 12

Mvua kubwa. Nimefunga. Amekuja na mwavuli, amevuta.

Aprili 15

Daktari amesema Mkaguzi atolewe nje, kidogo kidogo, mchana, mvua ikiwa imekatika. Wifi alimbeba mpaka uani akamweka chini. Akajikunja pale pale, tumbo kwenye tope. Tulikaa mbali, kila mtu kwenye kigoda chake, hatuzungumzi. Mara tundu la ua likatikisika. Ni Bahasha, shingo yake bado ina alama. Alituona, akasita, akatazama ndala zangu. Halafu akalala chali mbali kidogo na kuku, kama anayesema mimi simo.

Mkaguzi alinyanyua shingo. Akasimama. Alitembea hadi kwa mbwa, taratibu, ule mwendo wake wa mikono nyuma, na bila mkia wowote mwendo ule unachekesha kuliko maelezo. Akamdonoa pua.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Nikacheka nami, na tukatazamana kabla hajakumbuka kwamba hanisemeshi. Akakumbuka.

Jioni nimefunga, na safari hii kuku yumo. Amevuta mara mbili.

Aprili 19

Nimemaliza sare. Zote arobaini, na moja ya ziada kwa kosa la kuhesabu. Nimefunga. Amevuta.

Aprili 24

Manyoya ya mkia yameanza kuota, magumu, mafupi, kama brashi ya viatu. Wifi amenionyesha. Amesema, "Njoo uone, wifi." Ni mara ya kwanza ananiita tangu siku ile. Amevuta komeo vilevile.

Mei 2

Yai! Dogo, ganda jembamba, lakini yai. Hakutagia bandani. Alipenya chumba cha kushonea, akapanda kwenye boksi la mabaki chini ya meza, akasubiri mpaka nikaanza kukanyaga pedali ndipo akataga. Wifi alilishika kwa mikono miwili. Nikadhani ataliweka kabatini kama dhahabu. Akalichemsha, akalimenya, akampelekea Bahasha. Mzee Posta amenuna, anasema yeye ndiye aliyepanga foleni kwanza.

Mei 5

Nimefunga. Amevuta.

Mei 8

Mvua imekuwa ya kunyunyiza tu. Nilikwenda chumbani kwa wifi kuazima mkasi mdogo, nikakuta sanduku juu ya kitanda, limefunguliwa, nguo pembeni. Mkaguzi amepona, basi. Nikarudi bila mkasi. Nimekaa kwenye cherehani mchana kutwa bila kuitia uzi, kuku miguuni pangu, naye hakutaka kulala kwa sababu mashine haikulia.

Jioni nimefunga. Amevuta.

Mei 10

Mume wangu amerudi, lori limejaa tope mpaka kwenye vioo. Amemwona Mkaguzi na Bahasha wamelala kivuli kimoja, akauliza amepitwa na nini. Nikamwambia ale chakula kwanza, habari ni ndefu.

Jua limekuchwa bila wingu. Nilikwenda bandani kama kawaida, nikahesabu kuku mmoja, nikasukuma komeo, nikasimama pembeni kumpisha wifi. Akatoka jikoni na beseni la nguo alizoanua, nguo zake, zilizokunjwa. Akapita hapo mbele yangu. Hakusimama.

"Nimezipanga nyingine kabatini, lakini hanga hazitoshi," alisema akiingia ndani. "Wifi, njoo, chakula kinapoa."

Nilibaki pale nimelishika komeo. Nikalivuta mwenyewe mara moja, kwa niaba yake, nikaingia.